Wangu Bado

Jioni ya siku waliyomzika Mwainishaji, mkewe alikuwa jikoni akiosha vikombe. Vilikuwa vya kuazima, kutoka kwa majirani watatu, naye alivipanga kando ya beseni kama ambavyo mumewe angevipanga: vyenye vishikio upande huu, visivyo na vishikio upande ule, na kile kimoja kilichomeguka ukingo peke yake. Jongoo akaingia kwa chini ya mlango wa nyuma. Alikuwa mweusi, mwenye mstari mwekundu ubavuni, na alinuka spiriti. Alikatiza sakafu bila haraka, akampita mwenye nyumba pale kwenye beseni, akaenda mpaka sebuleni kwa binti mkubwa, akapanda kiatu chake cha kushoto, akatulia.

Binti mkubwa alimtazama. "Ndiye mimi," alisema, akainua pindo la gauni asije akambana.

Hakuna aliyeshtuka. Familia za watu wa kazi ile ya kuwapanga viumbe na kuwapa majina hulijua jambo hili mapema, kama familia za madereva zinavyoijua harufu ya dizeli. Mwainishaji akifa, wale viumbe aliowapa majina ya watu hutoka kwenye chupa zao na kwenda kukaa na wenye majina. Mzee aliyemfundisha kazi marehemu alipofariki, kaa mmoja wa mtoni alihamia kwa karani wa posta aliyekuwa akimpokelea vifurushi, na wawili hao wakazeeka pamoja bila ugomvi. Kwa hiyo siku ile waombolezaji walikuwa wamekaa mkao wa kula, kila mmoja akitupia jicho chini ya kiti chake.

Mke wa marehemu peke yake ndiye aliyeng'ang'ania vikombe. Alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wanawe walipotaka kumtania. Siku hiyo alikuwa na misiba miwili. Wa kwanza ulikuwa wa wote. Wa pili ulikuwa wake mwenyewe, na alikuwa ameungoja kwa miaka: kwamba jioni hii kila mtu atapata mgeni wake, na watu wataona kwa macho yao kwamba yeye hana.

Marehemu alifanya kazi makumbusho, katika vyumba vya chini, na alishughulika na kila chenye miguu ya vipingili: wadudu, kaa, nge, kupe, tandu. Kazi yenyewe ni kumtafutia kiumbe mahali pake pa kukaa. Unaanza na himaya, unashuka faila, ngeli, oda, familia, jenasi, mpaka unafika spishi, kama mtu anayemtafuta ndugu yake kwa kuuliza mji, mtaa, nyumba, halafu chumba. Watoto wake waliimba ngazi hizo saba wakinawa mikono, kila siku, na ole wake aliyeruka oda. Hata droo ya vijiko ilikuwa imeainishwa. Uma mmoja uliokatika jino ulikuwa jenasi yake peke yake, na mgeni akiuchanganya na wenzake, marehemu aliuondoa kimyakimya, bila kumlaumu.

Kiumbe akikosa jina, mwainishaji humpa. Anaweza kumpa jina la rangi yake, la kilima alikookotwa, au la mtu. Kisha katika wote waliokamatwa huchaguliwa mmoja wa kulibeba jina hilo. Huyo huitwa kielelezo. Hutiwa kwenye chupa ya spiriti yenye kifuniko chekundu, na yeyote duniani mwenye shaka na jina, kesho au baada ya miaka mia, sharti aje amtazame yeye. Jina haliwezi kuning'inia hewani, marehemu alipenda kusema. Linataka mwili wa kulitundikia.

Na alikuwa mkarimu wa majina. Watoto wake watatu aliwapa kila mmoja wake wiki ileile waliyozaliwa: jongoo, kereng'ende, na nondo kwa kitinda mimba. Jirani aliyewafundisha wanawe kuendesha baiskeli alipata buibui. Fundi cherehani aliyewahi kumfupishia suruali pasipo kuambiwa ni kiasi gani, na akapatia, alipata panzi. Mkuu wa idara alipata nge, na idara nzima iliona haki imetendeka. Mtu mmoja tu hakuweza kumpa kitu, naye ni yeye mwenyewe, maana ni mwiko kwa mwainishaji kutumia jina lake. Mganga hajigangi.

Kaka yake Mwalimu, ambaye ni muuza nyama, alipewa kupe. Marehemu alimwona kupe yule kuwa zawadi ya pekee, kwa sababu ya nakshi za mgongoni, na alimtangaza mezani wakati wa chakula, huku chupa ikizungushwa mkono kwa mkono. Muuza nyama alisukuma sahani, akaondoka, na kwa miaka mingi hakukanyaga nyumba ile. Marehemu hakuwahi kuelewa kosa lake. "Mgongo ule!" alikuwa akimwambia mkewe. "Nani mwenye akili angeukataa mgongo ule?"

Sasa kupe aliingia, akafuata ukuta, akapanda mguu wa kiti, akapanda mgongo wa muuza nyama, akakaa kwenye ukosi wa shati. Muuza nyama alimhisi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mnaona? Hata kaburini shemeji ananichokoza." Kisha akaanza kulia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Giza lilipoingia, karibu kila mtu alikuwa na wake. Panzi alikuwa kwenye goti la fundi cherehani. Nondo alikuwa kwenye nywele za kitinda mimba. Mkuu wa idara, ambaye naye sasa ni mstaafu, alikuwa ameketi wima kabisa na nge wake begani, akizungumza taratibu. Mwalimu alipita katikati yao na sinia, akakusanya vikombe vingine, na watu walikuwa wakiyashusha macho yao kila alipowafikia. Jirani wa buibui, ambaye moyo wake ni mwema lakini mdomo wake hauna kitasa, alimfuata jikoni.

"Na wako, dada? Wako yuko wapi?"

"Wangu bado," alisema Mwalimu.

Neno hilo hakulitunga yeye. Lilikuwa la mumewe, na lilianza zamani, kabla hawajaoana, siku kijana mwembamba mwenye tope kwenye magoti alipoingia chumba cha walimu na kumwekea kiberiti juu ya madaftari. Ndani mlikuwa na mbawakawa wa kijani. "Nilitaka nimpe jina lako," alisema, "lakini ukimtazama vizuri, kipapasio kimoja ni kifupi kuliko kingine. Hafai. Nakutafutia anayekufaa." Walimu wengine walicheka. Yeye hakucheka. Wanaume wawili watatu walikuwa wamemsifu kabla ya hapo, ila hakuna aliyemwona kuwa mtu mgumu kupatiwa mfano, na jambo hilo lilimwingia.

Aliyakumbuka sana maisha yale baada ya msiba, tena kwa utamu uliouma. Taulo zote za nyumba zilinuka spiriti. Viberiti havikutikiswa kabla ya kufunguliwa, maana huwezi kujua nani yumo. Mara ngapi alitaka kuwasha jiko akakuta ndani kuna mtu, akamwomba radhi, akatafuta kiberiti kingine. Baada ya chakula meza ilifutwa, taa ikasogezwa, mume akainamia lenzi yake na mke akasahihisha hesabu za watoto upande wa pili. Halafu sauti: "Njoo uone huyu!" Naye angekwenda.

"Wako huyu? Hapana. Anakula mavi."

"Na yule?"

"Yule mzuri, lakini akishaolewa anamla mumewe."

"Basi huyo ndiye!" alisema Mwalimu, na walicheka mpaka kivuli cha taa kikacheza ukutani.

"Subira yavuta heri," mume alikuwa akisema, akikirudisha kiberiti mahali pake.

"Ngojangoja huumiza matumbo," alijibu mke.

Huo ulikuwa mchezo wao, na ulidumu miaka mingi kabla ya kuacha kuwa mchezo. Mara moja alipougua na kulazwa, alimwambia mumewe waziwazi: chagua yeyote, tumalize. "Yeyote?" alisema mume, na machozi yakamlengalenga. "Wewe si yeyote." Lilikuwa jibu tamu, na lilikuwa dhuluma. Mwalimu alivimeza vyote viwili kwa pamoja na vidonge vyake, akapona, hakuuliza tena.

Wiki iliyofuata mazishi, makumbusho yalimtuma Mtunza Chupa. Huyu alikuwa mwanafunzi wa marehemu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ndiye aliyerithi vyumba vya chini. Alikuwa amekuta chupa za vifuniko vyekundu zote ziko mahali pake, spiriti imo, wenyewe hawamo. Majina ya spishi zile yalikuwa kweli yananing'inia hewani. Alizunguka nyumba hadi nyumba kuwaomba warudi, lakini hakuna aliyebanduka, na muuza nyama alimjia juu. "Miaka yote hii sikumtaka," alisema, akifunika ukosi kwa kiganja. "Leo namtaka, ndiyo mnakuja kumchukua?" Mwishowe Mtunza Chupa alibandika kwenye kila chupa kikaratasi kinachosema "Ametoka," na mwenye shaka yoyote akaelekezwa kwenye bucha, au kwa fundi cherehani, kwa saa za kazi.

Siku moja baada ya mvua za kwanza, Mwalimu aliamua kumpa kaka yake koti la porini la marehemu, kwa kuwa ndiye pekee aliyelingana naye mabega. Lilikuwa likining'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Alipekua mifuko, akakuta kamba, kipande cha kitana na kiberiti. Kwa mazoea hakukitikisa. Alikisogeza kidogo kwa kidole gumba.

Aliyekuwamo alikuwa hai. Alikuwa na ukubwa wa punje ya hindi na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kwa uchoyo. Hakunuka spiriti, alinuka udongo uliolowa. Alitoka bila woga, akapanda kidole, akavuka kiganja, akajikalisha kwenye kifundo cha mkono, pale ambapo saa huvaliwa. Kisha aliinua miguu miwili ya mbele na kuikunja, kama mtu anayepandisha mikono ya shati kabla ya kuanza kazi.

Kiberiti hakikuwa na alama yoyote. Huenda marehemu alimwokota kwa ajili ya mkewe, akawa anangojea siku nzuri ya kumwonyesha. Huenda alimsahau tu, kama alivyosahau kitana. Mwalimu alikaa kitandani na koti mapajani, akaliuliza swali hilo mpaka akachoka.

Mtunza Chupa alikuja na lenzi yake, wakakaa mezani jikoni. Binti mkubwa na kitinda mimba walikuwapo, jongoo na nondo wao wakiwapo pia.

"Himaya, sawa," alisema Mtunza Chupa. "Faila, sawa. Vipingili hivi hapa. Ngeli..." Akahesabu miguu, akaihesabu tena kuanzia nyuma. Aligeuza mkono wa Mwalimu polepole kuelekea dirishani. "Mwalimu, hapa tumefika mlangoni na hakuna nyumba. Si mdudu. Si buibui, si kaa, si tandu. Hana kiti cha kukalia. Itabidi tumjengee ngeli yake mwenyewe."

"Na jina?" aliuliza binti mkubwa.

"Atakayempa jina ni mimi. Nami najua la nani."

Kitinda mimba alimkumbatia mama yake shingoni. "Mama, sisi sote tuna spishi tu. Wewe utakuwa ngeli nzima! Baba mwenyewe angesimama kwa heshima yako."

Watu wasidhani Mwalimu alikuwa mtu wa kujinyima. Aliitaka heshima ile, na aliitaka sana. Usiku alilala nayo, asubuhi aliamka nayo. Alijiona yumo kwenye vitabu, juu ya muuza nyama, juu ya mkuu wa idara, juu ya huyo fundi na suruali yake. Alivaa gauni alilovaa siku ya kustaafu, akaenda makumbusho kwa miguu, mgeni wake akiwa kwenye kifundo cha mkono chini ya mkono mrefu wa gauni.

Katika vyumba vya chini chupa za marehemu zilikuwa rafuni, kila moja na "Ametoka" yake. Mbele ya rafu, juu ya meza, ilisimama chupa mpya. Mtunza Chupa alikuwa amepaka kifuniko rangi nyekundu kwa mkono wake asubuhi ileile, na rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Spiriti ilikuwa imekwisha kumiminwa.

"Hakuna njia nyingine?" aliuliza Mwalimu. "Ukimchora?"

"Mchoro hauna mwili, Mwalimu. Mwenye shaka kesho atamtazama nani?"

"Hatuwezi kungoja mpaka apatikane mwenzake?"

"Nimetafuta. Kila alikopita marehemu nimepita. Ni huyu tu."

"Akishaingia humo?"

"Atalala. Haumii. Halafu atakuwa wako moja kwa moja."

"Nitakuwa naye tena lini?"

Mtunza Chupa alivua miwani, akaifuta. "Nikifa mimi. Maana mimi ndiye nitakayekuwa nimempa jina."

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Arobaini na miwili."

"Unaumwa popote?"

"Hata mafua sina."

"Vizuri. Uishi sana," alisema Mwalimu, na hakuwa akifanya mzaha.

Alitazama chupa. Kilichomjia si mumewe, ni darasa. Kwa miaka yote ya kazi alianza asubuhi kwa kuita majina, na kila jina lilijibiwa kutoka kwenye dawati lake: nipo, nipo, nipo. Muhula mmoja mtoto mmoja alifariki, na asubuhi iliyofuata ulimi wa Mwalimu, kwa mazoea, ukaita jina lake pamoja na mengine. Watoto hawakulia. Walikaa tu, wakilitazama dawati. Jina lilikuwa zima, halikupungua herufi, na hapakuwa na mtu ndani yake.

Mgeni alitoka chini ya mkono wa gauni, akatazama huku na huku, akapandisha mikono yake ya shati.

"Bado," alisema Mwalimu.

Alilisikia neno likitoka kinywani mwake kwa sauti ya mumewe, na alikasirika. Alikasirika kwamba mtu yule, baada ya kumnyima maisha yote, alimwachia hata neno la kujinyima. Lakini hakuwa na jingine lililofaa, akaliacha lisimame.

Mtunza Chupa aliivuta chupa karibu naye. Kisha akakifunga kifuniko chekundu juu ya spiriti tupu. "Niihifadhi chupa?"

"Ihifadhi," alisema Mwalimu. "Ila usiwe na haraka nayo."

Mwaka ulipotimia, makumbusho yalikipa chumba kimoja cha chini jina la marehemu, na ukutani yakaandikwa majina yote ya watu aliyowapa viumbe wake. Walimwomba Mwalimu ayasome, kwa sababu sauti yake ilikuwa bado inafika mwisho wa darasa. Aliyasoma yote kwa mpangilio, na kila mtu aliyesikia lake aliitika "Nipo" bila kuambiwa, binti mkubwa na jongoo wake, mkuu wa idara na nge wake, muuza nyama ambaye alikuwa amenunua shati jipya lenye ukosi mpana ili kupe apate nafasi. Jina la mwisho lilipoitikiwa, watu waliendelea kusimama wakimtazama, kana kwamba lipo jingine. Ukuta haukuwa nalo, na mpaka leo hauna.

"Wameisha," alisema Mwalimu, akaenda kukaa.

Baadaye nyumbani kulikuwa na vikombe vya kuosha, vya kuazima kama kawaida. Jirani wa buibui alishika kitambaa cha kukaushia. Mgeni alikuwa kwenye kifundo cha mkono wa Mwalimu, akiutazama mvuke wa maji ya moto.

"Kumbe ungekuwa ngeli nzima, dada," alisema jirani.

"Najua."

"Na huumii?"

"Naumia," alisema Mwalimu. Alimsogeza mgeni mpaka juu ya kiwiko asije akapatwa na povu. "Nipe hicho kikombe kilichomeguka. Hicho hukaa peke yake."